Kengele Isiyolia

Zamu ya usiku, Kisumu, minara mia tatu na kumi na miwili,
kuanzia Busia hadi Muhoroni,
kila mmoja doa la kijani ukutani.
Visubi wa ziwa wamejipaka kwenye kioo cha dirisha
hadi taa za Kondele naziona kama zimezama ndani ya uji.

Nyekundu: mtu hawezi kumpigia mamaye.
Chungwa: ataweza, ila atamsikia akikatikakatika.
Manjano: subiri.
Tulifundishwa hayo siku tano, kwa chai ya maziwa.

Radi ikipiga upande wa Kaimosi ukuta hushikwa na surua.
Umeme umekatika, betri inashuka, jenereta imegoma,
kiungo kimekufa, kimefufuka, kimekufa tena,
kengele mia nne kwa dakika moja
na zote zinalilia waya mmoja
uliokatwa na tingatinga huko Chavakali.
Kazi yangu ni kumtafuta mfiwa kati ya waombolezaji.

Lakini usiku ninaousimulia haukuwa na mvua.

Nyang'ori Mbili ulikuwa na tabia.
Kila siku, saa mbili na dakika kumi,
manjano: MLANGO WA KABATI UKO WAZI.
Dakika sita. Kisha kijani.
Mara ya kwanza nilipiga simu.
"Ni mimi Kegode, mlinzi. Naota moto.
Mitambo yenu inapumua joto la bure
na mlima huu hauna huruma."
Nilitakiwa kumripoti.
Nikaandika: inachunguzwa.
Nikaichunguza miaka miwili.
Kwenye grafu joto la kabati lilishuka nyuzi mbili,
kijibonde kidogo, saa ileile,
na mimi nikajua mzee amenyoosha viganja.

Alhamisi. Saa mbili na kumi: kijani.
Na robo: kijani.
Saa tatu ukuta wote unameta
kama majani ya chai yaliyooshwa.
Cheruto, mkuu wa zamu, akasimama nyuma yangu na kikombe:
"Leo ni ya kupigiwa picha."

Nikapiga. Simu ya Kegode ikaita.
Iliita kupitia mnara uleule;
mstari wa trafiki ukapanda unywele mmoja.
Unywele huo ulikuwa mimi.
Ukashuka.
Nikapiga tena.

Mfumo wetu una aina elfu moja na mia tisa za kengele.
Nilizipekua.
Hakuna ya kengele isiyolia.

Basi nikabuni yangu.
Nyang'ori Mbili, hitilafu ya umeme, nyekundu, haraka.
Nilichapa kwa vidole viwili, kama mwizi.
Odenyo alikuwa Luanda, ugali mezani;
akapanda pikipiki akinitukana kwa Kijaluo, kwa ufasaha.

Saa tano kasoro dakika nane,
manjano. Mlango.
Nilisimama kitini.
Halafu sauti yake, akihema:
"Umeme hauna shida yoyote, umenisikia?
Ila mzee wako yuko nyuma ya tangi la dizeli.
Ameteleza mwambani, mguu umegeuka.
Simu iko kwenye koti, koti liko msumarini.
Anasema umepiga mara kumi na moja.
Anasema alikuwa akihesabu asilale."

Kufunga tiketi lazima uchague chanzo:
umeme, kiungo, programu, hali ya hewa, wizi, nyinginezo.
Nilikaa na orodha ile mpaka visubi wakaanza kudondoka.
Nyinginezo.
Cheruto alisoma, akanitazama, akaweka sahihi.
Chai yake ilikuwa imepoa.

Kegode sasa yuko kwao Gambogi, na mkongojo.
Mlinzi mpya ni kijana, ana jaketi nene,
hafungui mlango wa mtu.
Asilimia tisini na tisa, nukta tisa, tisa.
Saa mbili na kumi mimi bado naangalia.

Kijani.

Nampigia hata hivyo, kijana wa watu.
Ananiuliza kuna nini.
Namwambia: napima laini.